Pembe Nne za Bati

Feni imeletwa imefungwa kanga
kama mtoto mwenye homa.
"Imetoa moshi usiku, ikanyamaza," asema Bi Somoe,
na huu ni mwezi wa Januari, Lindi, mtaa wa Mikumbi:
huulizi mtu kwa nini ana haraka.

Nikafungua. Skrubu nne, tatu zimeshaliwa na chumvi.
Waya wa shaba umeungua, mweusi, unanuka vanishi.
Chini yake mabati membamba, thelathini na moja,
yamebanana kama kurasa za daftari lililolowa,
na kila bati ni duara.

Duara halizaliwi duara.
Lilikuwa mraba, kiwandani, nchi nisiyoijua.
Likashuka jino la mashine: kwa!
Duara likaenda zake, pembe nne zikabaki sakafuni.
Nikazidisha kwa ncha ya msumari, juu ya vumbi la benchi:
pembe mia moja ishirini na nne kwa feni moja
na hakuna hata moja iliyowahi kumpuliza mtu.

Dada yangu Asumini hukata maandazi kwa glasi.
Pembe za unga huzikusanya, huzikanda tena,
na andazi la mwisho, lililopinda, ni la mpwa wangu.
Chuma hakikandwi.
Chuma kinataka tanuri, tanuri linataka moto,
na moto haujawahi kuwa wa bure.

Basi nikajifanya mjuzi.
Nikaazima mizani kwa Chitanda, karani wa ghala la korosho.
"Unapima nini, na msimu unakwisha?"
"Shaba. Na usinipimie kwa kangomba, nataka gramu."
Nikapunguza waya kwa theluthi, nikang'oa mabati sita.
Feni ikazunguka, nyepesi. Nikapiga mluzi.

Siku tisa.
Ya kumi, kanga ileile, mkunjo uleule.
Niliipima shaba, sikulipima joto.
Nilichookoa ni kiganja kimoja cha waya;
nilichounguza ni waya wote uliobaki.
Andika hapo ukutani, Namkuna, kwa kalamu ya useremala:
feni inayokufa mapema ni takataka kubwa kuliko pembe zote.

Bi Somoe hakutukana. Ingekuwa afadhali.
Alikaa kwenye kreti la soda akijipepea
kwa pepeo la ukindu, polepole, akinitazama.
Nami nikalitazama pepeo.
Ukili mmoja, mrefu, mwembamba,
umezungushwa, ukashonwa ubavu kwa ubavu
mpaka ukawa duara.
Hakuna aliyekata mraba. Hakuna pembe.
"Umeona nini, fundi?"
"Nani kakusukia hili?"
"Nijibu ya feni kwanza."

Usiku nikakata kopo la rangi: utepe mnyoofu, wenye meno,
na mwenzake nikampanga uso kwa uso,
jino la huyu ndani ya pengo la yule,
kama vitana viwili vilivyogombana vikapatana.
Kati yao hapakubaki bati la kujaza ukucha.
Kisha nikaukunja utepe, taratibu, uzunguke,
pindi juu ya pindi, kama ukili.

Umepasuka mahali pawili, upande wa nje.
Nikiuwashia umeme unavuma kama nyuki ndani ya mtungi.
Bado.

Feni ya Bi Somoe nimeirudishia uzito wake wote wa shaba,
na mabati yake sita.
Usiku wake wa jasho sijui nitaupima kwa mizani gani.
Anauliza bei.
Nasema, niachie pepeo hilo mpaka Ijumaa.
Anacheka, mara ya kwanza.
"Na umeme ukikatika?"