Kadi Haijatiwa

Saa sita unusu usiku, Makupa. Nawasha gari,
na yule bibi wa ndani ya dashibodi
anasema lile lake.
Mteja akiuliza, Famau humjibu bila kupepesa:
"Anakuombea safari njema."
Tumeuza magari mangapi hivyo,
kila moja na dua yake.

Kisha kampuni ikanituma Nagoya, siku tisa, mnadani.
Mchana ni kidole na kitufe:
gari lishanunuliwa, hujamaliza bismillahi.
Usiku ndio uliokuwa mrefu.

Bwana Kuribayashi alinipeleka kichochoro cha taa za karatasi,
mkahawa wa viti saba, moshi, kelele za watu wa tai.
Nikasema pombe la, nguruwe la.
Mpishi akainama kama aliyefiwa,
akaniletea ngisi wa kuchoma.
Ngisi! Ndege tatu nimepanda.

Akalipa kwa noti, moja moja, kutoka kwenye bahasha.
Nikamwambia kwetu hata muuza mabuyu hulipwa kwa simu.
Akacheka kwa adabu, kicheko cha asiyeamini.

Chooni nilikaa, nikaruka:
kiti kina joto, nikadhani mtu katoka sasa hivi.
Halafu maji yakaja yenyewe, vuguvugu,
na moyo ukatulia. Kumbe hawa nao huchamba.

Tukaingia chumba cha kuimbia, hukodishwa kwa saa.
Yeye, kimya tangu alfajiri, akalegeza tai
akaimba hadi mishipa ya shingo ikasimama.
Zamu yangu, mashine haikuwa na wimbo wetu hata mmoja.
Nikaimba ule wa kumtoa bibi harusi ndani,
kama alivyouimba nyanyangu, bila ala.
Mashine kimya.
Kuribayashi akanishikia mapigo kwa vijiti vya kulia.

Saa tisa, kona tupu.
Sanduku la taa, halina mlinzi wala kimia cha chuma,
likanitemea kopo la kahawa, ya moto,
likashukuru kwa sauti ya kike.
Nikageuka kuitikia. Hapana mtu.
Lakini sauti niliijua: ni yeye, wa gari. Au dadake.

Asubuhi nikamwigia Kuribayashi lile neno.
Akasikiliza, akaziba mdomo:
"Anasema kadi ya barabara ya kulipia haijatiwa."
Basi. Miaka kumi na mmoja.

Sasa injini yanguruma, dirisha chini, harufu ya mishkaki.
Kwenye ramani kishale kimekwama gatini Nagoya,
hakijui kwamba tulivuka.
Simu inalia: Bi Rukia Shebwana wa Kisauni
amemaliza deni, kesho anakuja kulichukua.
Atauliza. Wote huuliza.
Famau asema ni waya mmoja tu, akate.

Bibi anarudia kadi yake, taratibu, hana hasira.
Nami, kwa lile neno nililolitumia kuliko yote kule,
namwambia kwa Kijapani chake:
samahani.