Goti la Sikio

Kule Ancona walimvika baba visikizio,
wakamfungia katika chumba kisicho na mwangwi,
wakamwambia: ukisikia, inua mkono.
Akainua. Akainua tena.
Akainua kwa milio ambayo muuguzi mwenyewe
aliijua kwa kuona taa tu.
Daktari Giombini akautazama mchoro, akatabasamu:
"Mzee Nazzareno, masikio haya ni ya kijana."
Baba akanigeukia:
"Anauza nini huyu?"

Miaka arobaini na mmoja, pale Castelfidardo,
alikuwa mkwanguaji wa ndimi za kodiani.
Ndimi za chuma, nyembamba kama ukucha wa mtoto:
ukikwangua ncha, sauti inapanda,
ukikwangua shina, inashuka,
ukizidisha, umetupa ulimi.
Mama alikuwa akilalamika: huyu mume
nikimwita kula hasikii,
ila sol ya jirani ikilegea, hapati usingizi.
Enzi hizo kilikuwa kichekesho.

Nyuma ya bahasha, kwa kalamu ya buluu,
daktari akanichorea njia ya sauti:
sikio, shina la ubongo, kituo, kituo kingine,
kisha, kabla ya lile gamba la juu linaloelewa,
kivimbe kama punje ya dengu.
"Waliokiona mwanzo waliona kimepinda.
Wakakiita goti."

Nikalipenda jina. Kumbe kila neno
likitaka kuingia ndani ya mtu
hufika pale kwanza, likapiga goti, likabisha hodi,
na pale pana mtu (si mtu, alinikosoa, ni seli)
wa kuuliza: wewe ni nani?
Mlio wa pikipiki? Ngoja.
Jina la binti? Pita.
"Sasa bawabu wa baba yako amechakaa.
Protini zimejisokota ndani yake
kama nywele kwenye tundu la bafu.
Hodi zinafika. Zote.
Zinasongamana kizingitini."

Nikauliza kama ugonjwa ulianzia hapo.
Akasema hajui.
Akaikunja bahasha, akanipa,
akasema tena kwamba hajui.
Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa mchoro.

Kaka yangu Elvio anapaza sauti,
kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde:
BABA, DAWA! BABA, KOTI!
Namwambia, Elvio, mlango haujafungwa,
umejaa.
Anapaza zaidi.

Mimi nimejifunza kuzima redio,
kuzima feni ya jiko,
kukaa mbele yake, kutoa neno moja
na kuliacha liende kwa miguu yake.
Soksi.
Nahesabu vigae vya ukuta, kumi na vinne, kumi na vitano.
Uso wake unakuwa ule wa karakana,
kichwa upande, jicho moja limefumbwa,
kana kwamba nimempa ulimi wenye kutu
naye anatafuta pa kukwangua.
Siku nyingine anainua mguu.
Siku nyingine ananirudishia neno mkononi:
halijakaa sawa, anasema, si kazi yangu hii.

Jumapili nilikuta kwenye droo
ulimi mmoja wa zamani, nta bado imeushika kibati.
Nikaupuliza.
"La."
Nikaacha haraka, nikidhani ananikataza.
Kumbe anataja noti.
"La. Imepanda. Kidogo tu."
Nikapuliza tena, na tena, hadi midomo ikauma,
na mimi, mwenye goti zima,
sikusikia kilichopanda.

Jana adhuhuri nilimuuliza: chumvi inatosha?
Akatazama kijiko. Akala. Akaenda kulala,
akaamka, tukakunja nguo, giza likaingia.
Saa tatu usiku naosha sufuria, maji yanakimbia,
mara kutoka chumbani, kwa sauti yake ya kazini,
akanijibu:
"Ongeza kidogo."