Maombi ya Saa Kumi na Moja

Tartu, Februari. Theluji imezilalia baiskeli za watu
hadi zimekuwa kondoo waliofungwa nguzoni.
Ghorofa ya tatu nimebaki mimi, na birika, na ufunguo:
herufi arobaini zisizotamkika,
naupeleka kwenye mlango wa mashine iliyoko sijui nchi gani.
Nabisha. Ufunguo umekwisha muda.
Nachukua mwingine, nabisha tena.

Kazi yenyewe ndogo. Mjane wa Viljandi, Leida Kukk,
ameleta barua, ya wino, yenye stempu,
kwamba mumewe Heino, fundi wa kodiani,
alizikwa Oktoba kumi na tisa, na benki ingali inakatwa.
"Nifungieni hicho kitu cha mtandaoni.
Mnieleze pia kimekula kiasi gani."

Basi natunga ombi.
Nipe kampeni, nipe siku, nipe mibofyo,
nipe gharama, tangu kesho ya mazishi hadi jana.
Sisemi tafadhali.
Nimekosea mkato mmoja tu, narudishiwa 400,
kama karani asukumaye fomu chini ya kioo
bila kuinua uso.
Narekebisha, naharakisha, napigwa 429:
maombi mengi mno, ngoja kwanza.
Bibi yangu angecheka.
Alidhani ni Mungu peke yake mwenye lalamiko hilo.

Kisha jibu linashuka.
Hali ya kampeni: HAI.
Nalisoma neno mara mbili.
Mwenyewe yuko chini ya udongo ulioganda,
na tangazo lake lingali limesimama kizingitini likiita:
*Mvukuto ukivuja, nipigie. Nipo.*

Gharama huja katika vipande vya milioni.
410000: usishtuke, ni senti arobaini na moja.
Bei haikupanda wala kushuka,
nani ashindanie fundi wa kodiani?
Siku ya kwanza mbofyo mmoja. Ya pili, mmoja.
Naigawa siku kwa saa, saa kwa mji.
Saa: 05. Mji: Viljandi. Kifaa: simu ya mkononi.
Mmoja,
mmoja,
mistari mia moja na kumi na minne,
haikuruka hata Krismasi.
Jina la mbofyaji halimo. Sikuliomba,
na ningeliomba nisingepewa.

Kumi na moja alfajiri, dirisha jeusi, jiko halijawashwa,
mtu anaandika *fundi kodiani*
na kidole kinagusa *Nipo*.

Nilimpigia mchana.
"Yuro arobaini na sita, mama, na senti sabini na nne."
"Si nyingi," akasema.
Nyuma yake kitu kilivuta pumzi, mbwa au mvukuto, sikutambua.
Halafu: "Ukifunga, yale maneno huenda wapi?
Aliyatunga mwenyewe, meza hii hii, siku tatu,
akifuta, akiandika. *Nipo* ndilo lilimchosha.
Aliona kama anajisifu."

Nikamwambia naweza kuyachapa vizuri,
karatasi nzito, nimtumie kwa posta.
Alikaa kimya hadi nikadhani laini imekatika.
"Karatasi, mwanangu, haiitiki."

Hakusema zima. Hakusema acha.
Aliuliza kama huku Tartu nako kunateleza,
akaniagiza nivae viatu vya msumari.

Sasa kisanduku kiko mbele yangu:
Sitisha kampeni? Ndiyo. Hapana.
Chai imepoa, ina utando.
Urmas, bosi, anachungulia na koti begani:
"Ile ya Viljandi umefunga?"
Nikamjibu kwa namba, bila kuinua uso,
mia nne ishirini na tisa.
Akacheka, akadhani mashine ndiyo iliyokataa,
akashuka ngazi.