Waraka wa Jumatatu ya Mwisho ya Mei

Wapiga kura wangu wa Harlan Falls,
nanyi pia mlioninyima kura
(nilipita kwa kumi na moja,
tena baada ya kuhesabiwa mara mbili),
nawaandikia nikiwa bado na matope viatuni.

Tumetoka makaburini.
Theluji ya mwisho iliyeyuka juzi tu nyuma ya kanisa,
ardhi laini, vijiti vya bendera
vinazama kama kisu kwenye siagi.
Watoto wa darasa la nne walichomeka mia na sita.
Mmoja akaniuliza kama wafu hulipwa mshahara.
Nikamwambia nitafuatilia.
Ndiyo lugha niliyoipata Augusta kwa miezi mitano:
nitafuatilia.

Basi habari, kama nilivyoahidi.
Daraja bado limefungwa kwa malori.
Mswada wangu ulipita kamati, ukapita mabaraza yote mawili,
kisha ukawekwa juu ya meza ya fedha,
na pale miswada hulala kama viazi ghalani
mpaka iote macho.
Najua mnazunguka maili ishirini na mbili na mizigo yenu.
Mume wangu naye huzunguka.
Siku za mvua hanisemeshi.

Wodi ya wazazi imefungwa. Hapo nilishindwa.
Nilipewa dakika tatu; taa nyekundu ikawaka,
kipaza sauti kikazimwa nikiwa katikati ya neno «mtoto»,
likabaki «mto»,
na wenzangu wakadhani nimerudia mambo ya daraja.

Sasa nchi, maana ndiyo sikukuu yenyewe.
Nilikuwa na hotuba. Ilikuwa na tai, ilikuwa na mapambazuko,
ilikuwa na «uhuru» mara tisa.
Nikasimama mbele ya jiwe, nikaanza na majina.
Nilipofika Alfred Terrio, Korea,
sauti ikatoka viti vya nyuma:
«Si yeye.»

Bernadette Thériault, miaka themanini na miwili,
blanketi magotini, chupa ya chai kwapani.
«Si yeye. Kaka yangu ni Alphée.
Aliyechonga hakujua Kifaransa, wala hakuuliza.
Kila Mei mnamlilia mtu ambaye hakuzaliwa.»

Mpiga tarumbeta akaishusha tarumbeta.

Miaka sabini na ushei. Waheshimiwa wangapi
wamesimama pale, wakasoma kwa sauti nene,
wakashuka kwenda kula?
Nami ni nani wa kuwacheka?
Babu yangu alikuwa Boisvert.
Karani wa kiwanda cha mbao akamwandika Greenwood,
naye akaitika,
kwa sababu bahasha ya mshahara iliitika hivyo.

Hotuba ikabaki mfukoni. Nikasema: Alphée.
Akanisahihisha. Nikasema tena. Akanisahihisha.
Mara ya tatu uwanja mzima ukasema nami,
hata Verne Haskell,
aliyeng'oa mabango yangu Oktoba
na kuyafanya uzio wa kuku.
Alilitamka vibaya kuliko sisi sote, kwa nguvu kuliko sisi sote.
Mama Thériault akatikisa kichwa,
akamimina chai.

Nimezungumza na mchongaji. Dola mia tatu na arobaini.
Anasema jiwe haliongezwi, hupunguzwa tu:
itabidi aukwangue mstari wote, kisha achonge upya,
hivyo jina litakaa ndani kidogo kuliko majirani zake,
na mvua itatuama humo.
Nikamwambia sawa.
Hili halihitaji kamati.

Jumamosi, ukumbi wa zimamoto, saa kumi na moja jioni,
maharage na mkate, dola nane, watoto bure.
Anayeweza alete sufuria kubwa; yangu imetoboka.
Jumanne narudi Augusta kwenye ile meza.
Sitafuatilia.
Nitaketi kando yake na kiti changu mwenyewe,
waniruke wakienda kunywa kahawa.

Wenu,
Odile Greenwood,
mjukuu wa Boisvert