Mzima Funga Mlango

Saa kumi na moja jioni, Novemba, mjini Hull,
giza limefika kabla zamu haijaisha.
Nahesabu funguo: ya nje, ya kati, ya ndani.
Ya ndani ni nyembamba kama ya kabati la vyombo,
na nyuma yake yuko Doris.

Doris ni fisi.
Jina ni la mama mkwe wa mfadhili aliyelipia paa.
Ana faili nene kuliko langu kule Uhamiaji:
meno, minyoo, uzito wa kila Jumatatu,
kuzaliwa: Ujerumani, mwezi wa tatu.
Mwezi wa tatu tukamtengenezea keki
ya damu na mifupa, iliyogandishwa kwenye ndoo.
Watoto wakamwimbia.
Nami nikapiga makofi. Ningefanyaje?

Kule Mpwapwa fisi hana siku ya kuzaliwa.
Ana usiku tu.
Alitwaa mbuzi wetu wanne kwa masika moja;
wa mwisho tulimkuta nusu, macho wazi.
Baba alisimama na kurunzi isiyo na betri
akamporomoshea fisi matusi
ambayo mpaka leo siwezi kumtafsiria Maureen
anaponiuliza, kwenu mnawaitaje?
Fisi, namwambia. Tunawaita fisi.
Halafu tunafunga mlango.

Jumamosi langoni husimama vijana na mabango.
Binti mmoja, kofia ya sufu, pua nyekundu kwa baridi,
akaniuliza mimi, kati ya wafanyakazi wote, mimi:
“Wewe unayetoka kule, roho haikuumi?”
Nilitaka kumjibu kwa mbuzi wanne.
Nilitaka pia kumjibu ndiyo.
Nikasema naingia kazini saa mbili.

Maureen ana hoja zake, na si mbaya:
asiyemwona mnyama hatamlilia akitoweka;
na huko porini, anasema, kuna sumu.
Kweli. Mjomba Chilewa aliitega,
mimi nilimshikia kopo.
Lakini Maureen akishapanda basi
ninayebaki na zile nyayo ni mimi.

Maana Doris hutembea.
Ukuta, jiwe, beseni, ukuta.
Ameshachimba njia kwenye nyasi,
imenyooka kama ya ng'ombe kwenda kisimani,
ila kisima hakuna.
Na mara mojamoja, malori ya bandarini yakinguruma,
huinamisha kichwa hadi chini, akaita,
ile sauti inayopanda, unayoijua hata usingizini.
Kisha husimama, masikio mbele.
Hull nzima haina wa kumjibu.

Juzi nilimleta Ndahani. Ana miaka sita,
kazaliwa hapa, Kiswahili chake kina matundu.
Akabandika kiganja kwenye kioo.
“Baba, kafanya nini?”
Hajafanya kitu, nikasema. Anatunzwa.
“Sasa mbona wewe una funguo?”

Sisemi afunguliwe.
Angeishia barabara kuu, chini ya lori la samaki.
Na Mpwapwa wangemmaliza siku ya kwanza,
baba yangu mbele yao.
Sisemi pia kwamba ni sawa.
Nasema nililelewa na methali moja,
fisi akimla muwele, mzima funga mlango,
na mlango ule ulifungwa kutoka ndani,
sisi tukiwa upande wa hofu.
Sikuambiwa iko siku nitaufunga kutoka nje,
kwa mshahara,
nisijue muwele yupi, mzima yupi.

Jana, kabla ya kuzima taa, nilimwita.
Nilitazama kwanza kamera imeelekea wapi,
nikaipandisha ile sauti
tuliyotishia wadogo zetu utotoni.
Masikio yakasimama.
Hakujibu. Alinitazama tu,
kama mtu anayesikia lugha ya kwao
ikiongewa na mgeni, ina matundu.

Ya ndani. Ya kati. Ya nje.
Nikatikisa kitasa mara mbili,
kama tunavyoagizwa.