Pigo Moja

Appleby, Februari. Kibandani mwangu mna nyenzo ishirini na tano,
birika, jiko la makaa, daftari la treni,
na kengele ya shaba isiyozidi chungwa.
Nyundo yake ikigonga hapa, ujue
kidole kimebonyeza Kirkby Stephen,
maili kumi na nusu za theluji huko kusini.

Pigo moja: hodi.
Kitabu cha kanuni hakisemi hodi, kinasema
kuomba usikivu, lakini mimi mtoto wa Pangani
na mlango ni mlango.
Narudisha moja: karibu.
Mawili: treni imeingia.
Mawili, kituo, moja: imetoka salama.
Saba, tano, tano: tunafunga, lala unono.

Threlkeld wa upande wa pili sijamwona uso.
Namjua kwa mkono. La pili hulikawiza,
kama mtu anayetafuta miwani kabla hajajibu.
Miaka sita tunaongea hivyo
na hatujawahi kutaja hali ya hewa.

"Tazama, Mwanakheri," akasema Dougal fundi
siku alipong'oa kifuniko,
"umeme, sumaku, nyundo. Basi.
Humu hamna treni. Humu hamna hodi."
Nikachungulia. Kweli hamkuwamo:
nyaya, skrubu, buibui mkavu.
"Na wewe je, nikikung'oa kifuniko?"
Akacheka, akaomba chai.

Nikamsogezea kiti.
Kwetu kaa ni keti,
kaa ni hili linalowaka jikoni,
kaa ni yule aendaye upandeupande matopeni.
Koo lile lile, pumzi ile ile,
mitambo ya Dougal ingechora mstari mmoja.
Nani basi huniambia nikalie kiti
au niondoe kidole?
Sikumuuliza. Zamu ilikuwa ndefu,
na Kiingereza changu kilishavua viatu.

Usiku wa tarehe kumi na nne treni ya jasi ilikwisha pita,
tumeshaagana, nimeshika koti.
Ikalia.
Moja.

Ratiba haikuwa na kitu.
Nikalitundika koti, nikajibu moja.
Ikalia tena, taratibu.
Nikajibu.
Mara nane, mara tisa,
yeye kule, mimi huku,
bila sababu yoyote iliyomo kitabuni,
wala daftarini sikuandika neno.

Asubuhi akapiga simu. Sauti ngeni,
nyembamba kuliko mkono wake.
"Jana ulitaka nini?"
"Mimi? Si wewe uliyeanza?"
Kimya. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Nilikuwa nimeshazima taa," akasema.
"Ukaita. Nikaona si vizuri kutokujibu.
Tangu Hester afariki, nyumba ile haina haraka na mimi."

Dougal akakuta maji kwenye kiungo,
kutu ya kijani kibichi, kidogo tu,
pale nyaya mbili zilipolala mgongo kwa mgongo.
"Unaona? Unyevu. Hakuna aliyeita."
Akapangusa, akafunga, akatia saini.

Ni kweli. Aliyebisha hodi ni tone la maji,
na tone halina shida na mtu.
Lakini la pili? La tano?
Yalipita waya ule ule, sumaku ile ile;
ukiyaweka mizani pigo langu na pigo la tone
hayapishani hata unywele.
Mimi nilikuwa nimesimama na koti mkononi.
Hilo utalipima kwa bisibisi gani?
Sijui. Labda ipo, ndogo sana,
na Dougal hajaletewa bado.

Jioni, treni ya saa kumi na mbili na robo.
Moja.
Nikajibu.
Mawili; la pili likakawia,
kisha, nje ya kanuni, likakawia zaidi kidogo.

Nikavuta wenzo wa nne.
Huko gizani, mkono wa chuma ukainuka.
Nikaongeza kaa jikoni, nikakaa.