Kabla ya Kengele, Bugarika

Narudi kutoka lindoni saa kumi na mbili kasoro,
kirungu kwapani, viatu vimelowa umande.
Mama yake keshashuka Mwaloni kugombania dagaa,
kaacha neno moja mlangoni, kama funguo:
"Mwangalie Limi. Utaamua."

Utaamua.
Usiku kucha nimelinda ghala la watu,
geti la chuma, makufuli matatu,
na hakuna aliyenitaka niamue kitu.

Namgusa paji kwa mgongo wa kiganja.
Lakini mkono wangu umetoka kwenye baridi,
kwake kila kitu ni moto, hata ukuta.
Nauficha kwapani, nahesabu hadi hamsini, namgusa tena.
Joto lipo. Si la kupigia yowe.
Joto la jiwe lililoachwa na jua jioni.

Mwaka jana nilisema, "Nenda, utachangamka hukohuko,"
akatapika juu ya daftari la jirani yake,
na mwalimu Nyamizi akanipigia simu bila salamu.
Muhula huu nikasema, "Basi lala,"
na saa nne nikamkuta juu ya mawe
akirukaruka kama pimbi, anacheka,
mzima kuliko mimi.

Kwa hiyo leo siulizi tumbo, siulizi kichwa;
mtoto wa darasa la tatu anayo majibu ya pande zote mbili.
Natenga michembe ya jana, sahani moja,
na kaka yake Kwilasa anadaka kipande kikubwa,
kile cha vita vya kila asubuhi.
Limi anatazama tu.
Kisha anamsogezea na chake.
"Chukua."

Hapo ndipo nilipovua viatu.

Kwilasa kapanda ngazi za mawe peke yake,
mfukoni ana karatasi yenye mwandiko wangu wa kitabu cha zamu:
*Limi anaumwa. Zahanati ikifunguliwa tunakwenda kupima.*
Nimemlowanishia kitambaa. Anavuta shuka,
anavuta na mkono wangu humohumo.
"Baba, wakiita majina,
langu ataliitikia nani?"
Anasinzia kabla sijajibu.

Kengele inateremka kutoka juu,
inagonga jiwe hadi jiwe,
inatufikia imechoka.
Nakadiria mwalimu amefika wapi kwenye daftari la mahudhurio,
kina Kabula, kina Kulwa,
halafu, kwa sauti ya chini nisimwamshe,
naitika.